Choo cha chomboni na tangi lake: jinsi ya kufunga mabomba yasinuke wala kuzamisha chombo

Malalamiko ni yale yale kila msimu. Bakuli linajaa maji lenyewe usiku. Chumba cha chini kinanuka mayai viza hata baada ya kusuguliwa kwa dawa. Pampu imekuwa ngumu, na ukiilazimisha inakurudishia ulichokwisha kusukuma. Mtu ananunua choo kipya, anakifunga palepale kwa mipira ileile, na mwezi wa pili harufu imerudi.

Mara nyingi choo chenyewe hakina kosa. Kosa liko kwenye njia ya maji: mpira umepitishwa chini mno, tangi halina pa kupumulia, au mpira wa kumwagilia bustani umefungwa palipotaka mpira wa majitaka.

Mwongozo huu ni wa chombo cha mita 8 hadi 13, cha faiba au cha mbao, chenye choo cha pampu ya mkono kinachovuta maji ya bahari. Kila kinachotoka chooni kinaingia tangini kwanza. Kutoka hapo kinanyonywa kupitia sitahani, au kinapigwa pampu baharini mbali na pwani. Wengi hufunga vali ya njia tatu mara tu baada ya choo, ili mtu achague tangi au bahari kila anapokwenda haja. Hatuupendi mpango huo. Unaongeza kiungo cha kuvuja, na abiria mgeni hajui mkono wa vali umeachwa upande upi.

## Vifaa

- Choo cha pampu ya mkono. Pua ya kuingiza maji huwa robo tatu inchi (mm 19), ya kutoa inchi moja na nusu (mm 38).
- Fitingi mbili za ubavuni na koki zake: moja ya robo tatu, moja ya inchi moja na nusu. Ziwe za bronzi au plastiki iliyotengenezwa kwa kazi ya bahari.
- Vitanzi viwili vya hewa, yaani paipu iliyopinda kama U iliyogeuzwa, yenye kivali kidogo kileleni kinachoingiza hewa bila kutoa maji. Kimoja robo tatu, kimoja inchi moja na nusu.
- Tangi la plastiki ya polithini la lita 80, unene wa ukuta usiopungua mm 9, lenye matundu yote juu na kifuniko cha kuchungulia.
- Mpira wa majitaka wa mm 38, mita 8. Mpira wa maji wenye nyuzi ndani wa mm 19, mita 5. Mpira wa mm 25 wa pumzi ya tangi, mita 4.
- Pampu ya mkono ya kiwambo (inayosukuma kwa utando wa mpira) ya inchi moja na nusu, vali moja ya njia tatu, na fitingi ya sitahani yenye kifuniko cha kukaza.
- Klipu 40 za chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316.
- Gundi ya baharini ya poliyurethani, epoksi, vibao vya mti mgumu, na vigingi viwili vya mti laini vilivyochongwa vikawa vyembamba mbele.

Mambo matatu kabla hujalipa. Pitisha sumaku kwenye klipu: bati la klipu laweza kuwa zuri huku skrubu yake ni chuma cha kawaida, na hiyo skrubu ndiyo itakayooza. Koki ya shaba ya njano ya mabomba ya nyumbani usiiguse, maana chumvi hula zinki iliyomo, inabaki na rangi ya waridi na kuvunjika kama biskuti. Na kalipa, kile kipimio cha kipenyo, iwe mfukoni: paipu ya PVC ya nyumbani inayoitwa "inchi moja na nusu" haina kipenyo sawa na pua ya choo, kwa hiyo pima kila ncha itakayoingia kwenye mpira.

## Lita 80 zinatosha watu wangapi?

Kuvuta vizuri kunatumia lita 3 hivi. Kwetu pwani ongeza kopo la kuchamba, lita moja. Hiyo ni lita 4 kwa kila safari ya chooni. Watu wanne wanaolala chomboni, kila mmoja akienda mara tano, wamemaliza lita 80 kwa siku moja. Watalii kumi wa safari ya mchana wakienda mara mbili mbili, ni lita 80 vilevile. Vipimo vya vitabu vinavyohesabu karatasi ya chooni tu, bila maji ya kuchamba, vitakudanganya hapa.

## 1. Tafuta usawa wa bahari ndani ya chombo

Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo mama wa matatizo mengi.

Chombo kiwe majini, kimejaa mafuta, maji na watu kama siku ya kazi. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ule ambao waashi hupimia usawa wa ukuta. Ujaze maji pasibaki hata povu. Zamisha ncha moja baharini, pitisha mpira juu ya ukingo wa chombo, uteremshe ndani kisha upandishe ncha ya pili ikitazama juu. Maji yatasimama mahali fulani: hapo ndipo usawa wa bahari ulipo. Piga alama kwa penseli ukutani, pande zote mbili.

Sasa shusha ncha hiyo ya ndani sentimita kumi chini ya alama. Bahari inaanza kumiminika ndani, bila pampu, bila tobo lolote ubavuni. Ni mchezo uleule wa kunyonya mafuta ya gari kwa mpira: maji yakishaanza hayakomi mpaka hewa iingie kileleni. Choo kilicho chini ya alama yako kinasubiri kufanya hivyo usiku mmoja. Vitanzi vya hewa vimetengenezwa kwa ajili ya jambo hilo tu.

Chombo cha tanga hulala. Kikilala nyuzi 30, kitu kilicho mita moja kutoka katikati, upande unaozama, kinashuka nusu mita. Kwa hiyo kilele cha kitanzi kiwe karibu na mstari wa katikati kadiri nafasi inavyoruhusu, na kibaki angalau sentimita 20 juu ya maji hata chombo kikiwa kimelala.

## 2. Toboa na funga koki

Kupandisha chombo nchi kavu ndiyo njia salama. Kama huna budi kutumia maji kupwa, chagua bamvua (maji yanapokupwa sana), siku moja mbili baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu, na utoboe tundu moja kwa kila kupwa. Kigingi kiwe kando ya mkono. Maji yakianza kurudi na nati haijakaza, piga kigingi na usubiri kesho.

Tundu la kuingiza liwe mbele na chini zaidi, la kutoa liwe nyuma yake. Ukigeuza, choo kitavuta kilichotoka muda huu.

Tundu la robo tatu litahitaji mm 28, la inchi moja na nusu mm 50, kwa sababu thredi za nje ni mm 26 na mm 48 hivi. Kwenye chombo cha mbao, tobo likae katikati ya ubao mmoja, si juu ya mshono wenye kalafati wala juu ya taruma (mbavu za chombo). Paka epoksi ndani ya tobo na uiache ikauke. Weka kibao cha mti mgumu ndani, kipana kuliko kitako cha koki, kibebe uzito.

Thredi za fitingi na za koki zioane. Fitingi nyingi zina thredi zilizonyooka, na vali nyingi za dukani zina thredi za kuchongoka. Ukizifunga pamoja zinashika mizunguko miwili au mitatu tu, halafu zinakaza kama vile mambo yako sawa. Jaribu zikiwa kavu na uhesabu: chini ya mizunguko mitano, rudisha dukani.

Paka gundi ya poliyurethani, si silikoni. Kaza mpaka gundi ichomoze pande zote. Funga kigingi kwa kamba kwenye kila koki kikae hapo daima.

## 3. Choo na maji yanayoingia

Kufunga bakuli lenyewe ni kazi ya dakika ishirini: bolti nne zinazopenya sakafu na washa pana chini. Skrubu za mbao zitalegea, maana mtu akipiga pampu anakitikisa choo kizima.

Mpira wa mm 19 unatoka kwenye koki hadi kwenye pampu. Usiweke kitanzi hapo. Hili ndilo kosa tunaloulizwa kuliko yote: kitanzi kikikaa kati ya koki na pampu, pampu inavuta hewa kupitia kivali, na choo hakipati maji. Mwenye choo anaziba kivali kwa gundi ili maji yaje, na kinga yote imekufa.

Tazama juu ya pampu. Kuna kipande kifupi cha mpira kinachotoka kichwani mwake kwenda nyuma ya bakuli. Kiondoe. Weka mpira mrefu unaopanda kutoka kichwa cha pampu hadi kwenye kitanzi, kisha mwingine unaoshuka hadi kwenye bakuli. Hapo maji yanasukumwa, hayavutwi, na kivali hakisumbui. Ukipiga pampu na maji yakazunguka bakuli kwa nguvu, na ukiacha yakakatika ndani ya sekunde moja mbili, umefaulu.

## 4. Tangi

Lita 80 za majitaka ni zaidi ya kilo 80, na wimbi linazirusha. Tangi likae chini, karibu na katikati, juu ya ubao ulionyooka, likibanwa kwa mikanda na vibao pande zote nne. Kamba ya manila peke yake haitoshi.

Matundu yawe juu. Tangi lenye tundu chini linaacha majitaka yakae ndani ya mpira mchana na usiku, na hakuna mpira usiopitisha harufu ukikaa hivyo mwaka mzima. Kwa njia ya kutoa, tumia mrija wa mm 38 unaozama ndani ya tangi, ukiishia mm 20 juu ya kitako, ncha ikatwe mshazari isijinyonye kwenye sakafu.

Tangi la alumini au chuma lisikuvutie kwa bei. Mkojo unalitoboa, kwa kawaida kwenye mishono.

## 5. Kutoka chooni hadi tangini

Njia iwe fupi. Mita moja ya mpira wa mm 38 inabeba lita 1.1, na kila mvuto lazima ufike tangini. Mita 2 ni nzuri, na mita 5 inamaanisha mtu atachoka kabla kazi haijaisha.

Panda moja kwa moja kutoka chooni hadi juu kuliko kichwa cha tangi, kisha ushuke. Usiache bonde katikati, kwa sababu kila bonde ni kidimbwi.

Mpira huu ni mgumu na mkaidi. Chovya ncha yake kwenye maji ya moto dakika mbili, paka sabuni ya vyombo kwenye pua, usukume kwa kuzungusha. Moto wa kiberiti unaunguza tabaka la ndani, na hapo harufu imepata mlango. Kila ncha ipate klipu mbili, skrubu zikitazamana kinyume. Pua ikiwa fupi, weka moja tu, kwa maana ya pili itabana hewa na kukata mpira ukingoni.

## 6. Pumzi ya tangi

Watengenezaji wengi huweka pumzi ya mm 16. Inafanya kazi, lakini joto la huku linataka kubwa zaidi: mm 25, na kama nafasi ipo, mbili, kila moja ubavu wake, upepo upite.

Sababu ni vijidudu. Uchafu ukipata hewa, unaozeshwa na wale wasiotoa harufu kali. Ukikosa hewa, wanachukua nafasi wale wanaotoa gesi ya salfa, ile ya mayai viza. Dawa za kumimina chooni zinafunika harufu siku mbili tatu, lakini tangi lisilopumua linabaki vilevile.

Mpira upande mfululizo bila bonde, utokee ubavuni juu, mbali na madirisha na mbali na mdomo wa kujazia maji ya kunywa. Usiweke wavu mwembamba mdomoni, maana chumvi itauziba. Nyigu wa udongo nao wanapenda sana tundu hilo chombo kikiwa kimepumzika, kwa hiyo chokoa kwa waya kila unaporudi.

## 7. Njia ya kutoa

Mrija wa tangi unafika kwenye vali ya njia tatu. Upande mmoja unapanda sitahani. Wa pili unaingia kwenye pampu ya kiwambo, unapanda kwenye kitanzi cha pili, unashuka kwenye koki ya inchi moja na nusu. Kitanzi hapa kinakuja baada ya pampu.

Pampu ya umeme inayosaga ni nzuri, ila inakula ampea 15 na zaidi kwa volti 12, inataka nyaya nene na fyuzi yake, na ikizunguka bila maji mpira wa ndani unaungua upesi. Pampu ya mkono utaitengeneza kwa bisibisi.

Usipange safari ukitegemea kituo cha bandarini cha kunyonya tangi. Kwa wengi njia iliyopo ni gari la kunyonya majitaka, na nguvu ya gari hilo inaweza kukunja tangi la plastiki kama chupa ya maji. Fungua kifuniko cha kuchungulia kabla dereva hajawasha, kisha usiinamishe uso hapo: gesi ya salfa ikizidi inaua uwezo wa kunusa, kwa hiyo kutosikia harufu si dalili ya usalama. Njia nyingine ni kupiga pampu ya mkono kwenye madumu na kuyamwaga kwenye choo cha nchi kavu.

## 8. Jaribu kwa maji safi

Zungushia tishu kavu kila kiungo. Jaza tangi maji safi mpaka juu na uliache saa 24. Tishu yenye unyevu inakuonyesha klipu ya kukaza.

Shika kipande cha tishu mdomoni mwa pumzi wakati mwenzako anapiga choo: kisukumwe nje. Akipiga pampu ya kutoa, kinyonywe. Kisipotikisika, simamisha kazi, pumzi imeziba.

Mwisho, fungua koki zote mbili, piga alama ya kiwango cha maji ndani ya bakuli, na ulale chomboni. Asubuhi kiwango kiwe palepale.

## 9. Mipigo mingapi?

Mimina lita 10 kwenye ndoo, chomoa mpira wa kuingiza kwenye koki iliyofungwa na uuzamishe humo, kisha hesabu mipigo hadi ndoo iishe. Ikiwa ni 40, kila mpigo ni robo lita. Mpira wa mita 2 hadi tangini una lita 2.3, kwa hiyo mipigo 10 inausafisha. Ongeza miwili ya bakuli, uandike 12 ukutani kwa herufi kubwa. Wageni hupiga mitatu, wakaona bakuli jeupe, wakaondoka.

## Pa kumwaga

Kiambatisho cha IV cha MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia meli zisichafue bahari, kimeandikwa kwa meli za safari za kimataifa zenye tani jumla 400 na kuendelea, au zinazoruhusiwa kubeba zaidi ya watu 15. Vipimo vyake ni kipimo kizuri kwa chombo kidogo pia: majitaka ghafi zaidi ya maili 12 za baharini (km 22) kutoka nchi kavu iliyo karibu, na yaliyosagwa na kuuliwa vijidudu zaidi ya maili 3. Chukua ramani uone maana yake. Mkondo kati ya Unguja na bara, pale ulipobana, una kilomita 36 hivi. Ukisimama katikati uko kilomita 18 tu kutoka kila upande, kwa hiyo hapo hakuna mahali pa kumwaga ghafi. Ndani ya hifadhi kama Kisite-Mpunguti, Watamu au Mafia, funga koki ya kutoa na uifunge mkono wake kwa waya.

## Likiharibika, tazama rangi ya maji

Maji meupe yakipanda bakulini ni bahari. Kivali cha kitanzi kimejaa chumvi. Kitoe, kioshe kwa maji moto, pulizia: hewa ipite upande mmoja tu. Fanya hivyo kila miezi mitatu.

Maji ya kahawia yakipanda ni mpira wa kwenda tangini unaorudi. Ulimi wa mpira kwenye pua ya kutoa umechoka. Badilisha kila mwaka, na ukiwa umefungua, paka pampu grisi ya silikoni, kamwe si grisi ya gari.

Pampu ikizidi kuwa ngumu wiki hadi wiki, mkojo na maji ya bahari vimejenga chokaa ndani ya mpira. Nusu lita ya siki kila mwezi, ikisukumwa nusu njia na kulala usiku, inazuia. Chokaa iliyokwisha kuwa nene inataka asidi ya kusafishia choo iliyopunguzwa kwa maji, au kuchomoa mpira na kuupigapiga gatini. Asidi au siki isikutane na dawa ya klorini, maana gesi yake inaua mtu ndani ya chumba kidogo.

Harufu ikitoka kwa mvuto wa kwanza tu asubuhi, ni viumbe vya bahari vilivyofia ndani ya mpira wa kuingiza. Kabla ya kuacha chombo, vuta lita chache za maji yasiyo na chumvi kutoka kwenye ndoo.

Harufu ikiwa ya kudumu na hakuna kinachovuja, zungushia mpira kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto, ukiache kipoe, ukipeleke sitahani ukinuse. Kikinuka, mpira umepitisha. Hakuna dawa ya kuurudisha. Pima urefu, nunua mwingine, na uanze tena hatua ya 5.